Kufungua kichwa au kupitisha waya: jinsi ya kuamua tiba ya kivimbe cha mshipa wa ubongo

Sisi tuliambiwa saa nne usiku, kwenye korido, kwa Kiingereza, na daktari aliyekuwa na haraka ya kwenda kwa mgonjwa mwingine. Shangazi ana anyurizimu. Ama afunguliwe kichwa ibanwe, ama apitishiwe waya kutoka kwenye paja izibwe. Mjibu asubuhi. Baba mdogo akasema palepale, "Kichwa hakifunguliwi," na uamuzi ukawa umekwisha. Waya ulipita salama, shangazi akarudi nyumbani kwa miguu yake. Lakini tulichagua kwa woga, hatukuchagua kwa kujua, na baada ya miaka miwili tukaja kuulipia woga ule. Habari hiyo nitaifikia. Haya yote nayaandika kwa ajili ya mtu atakayekaa kwenye benchi kama lile usiku wa leo, simu mkononi, ndugu wakimsubiri aseme neno.

Kwanza jina la ugonjwa. Anyurizimu ni kivimbe kinachotokeza kwenye ukuta wa mshipa wa damu pale ulipodhoofika, mara nyingi kwenye njia panda, mshipa mmoja unapogawanyika kuwa miwili. Ukiwahi kuona tyubu ya baiskeli iliyochoka, ukiijaza upepo inatoa kinundu upande mmoja, umeshaelewa. Si saratani, wala si uvimbe wa nyama ya ubongo. Kwetu neno "uvimbe kichwani" lilipofika kijijini watu walianza kulia kana kwamba msiba umeshatokea, kwa hiyo nawasihi: anayepiga simu nyumbani aseme "mshipa umevimba." Karibu watu wazima 3 katika kila 100 wana kivimbe cha namna hii, na wengi wao watazeeka na kufa kwa mambo mengine bila kujua kuwa walikuwa nacho.

Hatua ya 1: Kimepasuka au hakijapasuka?

Swali hili hutangulia yote kwa sababu ndilo linalokuambia una muda kiasi gani. Kivimbe kikipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo. Kichwa huuma ghafla, na maumivu hufika kileleni ndani ya sekunde chache au dakika moja, kama mtu aliyepigwa nyundo kisogoni. Hufuata kutapika, shingo kukaza, mwanga kuchoma macho, wengine kuzimia au kupata degedege. Kichwa kinachoanza asubuhi polepole kikazidi jioni si hicho.

Huku kwetu kichwa, kutapika na shingo kukaza hupelekwa haraka kwenye malaria au homa ya uti wa mgongo, na saa zinapita kwenye dripu. Mwambie daktari neno hili kwa uwazi: "Kilianza ghafla, saa fulani, alikuwa anafanya jambo fulani." Saa yenyewe ina kazi. CT scan ikipigwa ndani ya saa 6 za kwanza huonyesha damu hiyo karibu kila mara. Muda ukizidi, CT inaweza kuonekana safi, na hapo hulazimu kuchukua maji ya uti wa mgongo ili kuthibitisha.

Kama kimepasuka, hatari kubwa ni kupasuka tena, na saa 24 za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Tiba inatakiwa ifanyike mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa hizo 24. Hapa hakuna nafasi ya kusubiri kaka mkubwa afike kutoka mkoani. Mumpigie simu, mmweleze, asikilizwe, lakini ridhaa isainiwe.

Jambo jingine la usiku huohuo: uliza kuhusu nimodipini. Ni vidonge vya kupunguza madhara ya mishipa kujibana baada ya damu kumwagika, na kawaida mgonjwa hupewa miligramu 60 kila baada ya saa 4 kwa siku 21, awe amefunguliwa kichwa au amepitishiwa waya. Kama duka la dawa la hospitali halina, ndugu mmoja mwenye nguvu aondoke wakati huo akaitafute mjini. Mishipa hujibana zaidi kati ya siku ya 4 na ya 14. Sisi hatukuambiwa, na siku ya saba shangazi alipoanza kulegea mkono baada ya siku kadhaa za kuongea vizuri, tulidhani tiba imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ulikuwa ndio wakati wa hatari hiyo, na wauguzi waliushughulikia.

Kama hakijapasuka, kimeonekana tu kwenye picha iliyopigwa kwa sababu nyingine, basi una wiki, pengine miezi, ya kufikiri. Zitumie.

Hatua ya 2: Ambacho hakijapasuka, je, kinahitaji kutibiwa?

Watu huruka swali hili. Wakishajua kuna kitu kichwani wanataka kitolewe kesho. Lakini njia zote mbili za tiba zina hatari yake, na tiba ina maana pale tu hatari ya kukiacha inapozidi hatari ya kukigusa.

Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia watu wenye vivimbe visivyopasuka. Kwa waliokuwa na kivimbe cha chini ya milimita 7 kwenye mishipa ya mbele ya ubongo, ambao hawakuwahi kuvuja damu kabla, hakuna kilichopasuka ndani ya miaka 5. Cha milimita 7 hadi 12 mahali hapohapo kilikuwa na uwezekano wa asilimia 2.6 ndani ya miaka hiyo. Cha ukubwa uleule, milimita 7 hadi 12, lakini kikiwa kwenye mishipa ya nyuma, uwezekano ulipanda hadi asilimia 14.5. Na vile vikubwa mno, milimita 25 kwenda juu, vilifika asilimia 40 mbele na 50 nyuma. Utaona kwamba mahali kilipokaa kuna uzito kama ukubwa wake.

Madaktari wengi hutumia kipimo cha alama kiitwacho PHASES, kinachojumlisha shinikizo la damu, umri wa miaka 70 na zaidi, ukubwa, kama uliwahi kuvuja damu kutoka kivimbe kingine, mahali kilipo, na asili ya mtu. Kwenye asili, Wafini na Wajapani hupewa alama za ziada. Waafrika hatumo, kwa sababu takwimu zilizotumika zilitoka Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Japani. Kipimo bado kinasaidia, ila ukitajiwa asilimia yako, jua ilipotoka.

Baadhi ya dalili huondoa mjadala. Kope ya jicho moja ikianguka ghafla na mboni ya jicho hilo ikawa kubwa kuliko ya pili, kivimbe kinaweza kuwa kinabana mshipa wa fahamu wa jicho. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kivimbe kilichokua kati ya picha moja na nyingine nacho huhesabiwa kuwa cha hatari, hata kama bado ni kidogo.

Na kama mmekubaliana kusubiri, kusubiri nako kuna kazi. Presha ishushwe na ibaki imeshuka, sigara ziachwe kabisa, picha irudiwe kwa tarehe iliyoandikwa. Nimeona watu wanaokataa upasuaji kwa kuogopa hatari, kisha wanatoka nje ya geti na kuwasha sigara. Inaniuma, maana sigara na presha ndivyo vinavyokidhoofisha kile walichokwepa kukigusa.

Hatua ya 3: Fahamu kinachofanyika ndani ya kila njia

Njia ya kufungua ndiyo ya zamani. Mnamo Machi 1937, pale hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, daktari wa upasuaji Walter Dandy alibana shingo ya kivimbe kwa klipu ndogo ya madini ya fedha. Wazo hilo ndilo linalotumika mpaka leo, ila sasa kuna hadubini ya upasuaji, na klipu nyingi ni za titani. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, nywele hunyolewa sehemu tu, kipande cha fuvu hufunguliwa, mara nyingi upande wa kipaji karibu na sikio. Daktari hupita kwenye mikunjo ya ubongo bila kuukata, hufika kwenye mshipa na kubana shingo ya kivimbe, damu isiingie tena. Kisha fuvu hurudishwa na kufungwa kwa vibati na skrubu ndogo. Kwa kivimbe kisichopasuka, mgonjwa hulala hospitali siku kadhaa, na nguvu hurudi baada ya wiki 4 hadi 8.

Njia ya waya hupita ndani ya mishipa. Katheta, yaani mrija mwembamba laini, huingizwa kwenye mshipa wa kinena au wa kifundo cha mkono, hupandishwa hadi shingoni na kisha kichwani, daktari akiangalia kwenye skrini ya eksirei. Ikifika ndani ya kivimbe, kivimbe hujazwa koili, nyaya laini za platini zinazojikunja kama uzi kwenye kibuyu, mpaka damu ndani yake inaganda. Daktari Guido Guglielmi na wenzake walizitumia kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1990 huko Los Angeles, na Marekani ilizipitisha rasmi mwaka 1995. Mwaka 2011 Marekani ilipitisha pia stenti ya kugeuza mkondo, mrija wa wavu unaolazwa ndani ya mshipa mkuu ili damu ipite moja kwa moja bila kuingia kwenye kivimbe, nacho hujifunga polepole kwa miezi. Kwa kivimbe kisichopasuka mgonjwa wa waya huweza kurudi nyumbani baada ya usiku mmoja au miwili.

Nusukaputi huwa ipo kwa zote mbili. Watu wengi hawajui hili. Hudhani waya ni kama kuchomwa sindano. Waya unaweza kutoboa kivimbe, unaweza kusababisha damu igande ikaleta kiharusi, na dawa ya rangi inayotumika kuonyesha mishipa inaweza kuwatesa wenye figo dhaifu. Upasuaji nao unaweza kuleta kiharusi, maambukizi, au kifafa baadaye. Tofauti ni kwamba kidonda cha waya hakionekani, na macho yetu huamini kinachoonekana.

Kwa aliye kama baba yangu mdogo, aliyeamini kichwa kikifunguliwa mtu harudi kuwa mtu, nitamtaja Joe Biden. Alipasukiwa na kivimbe Februari 1988, akafunguliwa kichwa kwenye hospitali ya jeshi ya Walter Reed. Mwezi Mei mwaka huohuo akafunguliwa tena kwa ajili ya kivimbe cha pili. Miaka 33 baadaye akaapishwa kuwa rais wa Marekani.

Hatua ya 4: Muulize daktari picha inasemaje

Uamuzi hufanywa zaidi na picha kuliko na mtu yeyote. Anjiografia, yaani picha ya mishipa ya damu, ile ya CT au ile ya katheta ambayo ni ya kina zaidi, huonyesha mambo matatu ambayo familia inaweza kuyaelewa kabisa ikielezwa kwa Kiswahili. Omba daktari akuchoree kwenye karatasi. Wengi hukubali.

La kwanza ni shingo ya kivimbe. Kama ni nyembamba na tumbo ni pana, mfano wa chungu cha shingo ndogo, koili zikiingia hazitoki, na waya huwa rahisi. Kwa kawaida shingo ya chini ya milimita 4, na tumbo lenye upana mara mbili ya shingo au zaidi, ndiyo hali nzuri kwa koili. Shingo ikiwa pana kama bakuli, koili huteleza kurudi kwenye mshipa mkuu, kwa hiyo huhitaji puto au stenti ya kuzishikilia. Stenti inamaanisha dawa mbili za kuzuia damu kuganda, mara nyingi aspirini na klopidogreli, kwa miezi. Kwa mtu aliyekwishapasukiwa, dawa hizo ni hatari, ndiyo maana madaktari huepuka stenti kwenye dharura kila wanapoweza.

La pili ni mahali. Vivimbe vya mshipa wa kati wa ubongo, ule unaopita pembeni karibu na sikio, hufikika vizuri kwa upasuaji, na umbo lake mara nyingi huwasumbua watu wa waya kwa sababu matawi hutokea kwenye shingo yenyewe. Vivimbe vya mishipa ya nyuma, hasa kwenye ncha ya mshipa wa chini ya shina la ubongo, vimejificha ndani sana. Kuvifikia kwa kisu ni kazi ngumu na yenye hatari, na hapo waya ndio hupewa nafasi ya kwanza.

La tatu ni damu iliyomwagika. Kama kuna donge kubwa linalosukuma ubongo upande, waya hautaliondoa. Hapo upasuaji hufanya kazi mbili kwa mara moja: donge linatolewa, kivimbe kinabanwa.

Umri huingia hapa. Kwa mzee wa zaidi ya miaka 70, na kwa mgonjwa aliyefika akiwa dhaifu sana, madaktari wengi huegemea kwenye waya. Kwa kijana wa chini ya miaka 40 mizani inaweza kugeuka, maana klipu hudumu, na huyu ana miongo mingi mbele yake ya kuishi na kile kitakachowekwa leo.

Hatua ya 5: Tafiti zilizolinganisha njia hizi, na mipaka yake

Mtu atakuambia, "Waya ndiyo ya kisasa, imeshathibitishwa." Anazungumzia utafiti wa ISAT, uliochapishwa kwanza mwaka 2002 na kuongozwa kutoka Oxford. Wagonjwa 2,143 waliopasukiwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa karibu asilimia 24 kwa koili na karibu asilimia 31 kwa klipu. Hiyo ni faida ya kweli. Imeokoa watu wengi na imebadilisha hospitali nyingi duniani.

Ila waliopimwa kwa ajili ya utafiti huo walikuwa zaidi ya 9,500. Walioingizwa ni wale tu ambao madaktari wa pande zote mbili walikubali kwamba njia yoyote ingefaa. Wengi walikuwa na vivimbe vidogo vya mbele na hali nzuri. Kama daktari wako anasema kivimbe cha mgonjwa wako hakifai kwa waya, ISAT haimpingi, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo hakuwamo ndani yake.

Utafiti mwingine, wa taasisi ya Barrow huko Phoenix, nao ulionyesha koili zikiongoza mwanzoni. Baada ya miaka 6 tofauti ya jumla ilikuwa imefifia, lakini waliohitaji kutibiwa upya walikuwa asilimia 16.4 kwa koili na 4.6 kwa klipu. Mimi ningezisoma tafiti hizi mbili pamoja hivi: pale njia zote zinapowezekana kwa aliyepasukiwa, waya huanza mbele, na klipu hudumu zaidi.

Hatua ya 6: Nani atakayeshika, na wapi

Klipu nzuri kwa mkono usiozoea ni mbaya kuliko koili kwa mkono uliozoea, na kinyume chake ni hivyohivyo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 ulishauri hospitali zinazopokea wagonjwa waliopasukiwa chini ya 10 kwa mwaka zifikirie kuwahamishia mapema kule wanakotibiwa zaidi ya 35. Kwetu hospitali za kuchagua si nyingi. Tanzania, rufaa nyingi za ubongo huishia MOI pale Muhimbili, taasisi ambayo wengi huijua kwa mifupa ingawa ni ya ubongo na mishipa ya fahamu pia. Kenya, watu huelekezwa hospitali ya Kenyatta au ya Aga Khan, Nairobi. Wengine huenda India.

Swali la maana si "hospitali gani kubwa?" Uliza kama mashine ya anjiografia inafanya kazi wiki hii, kama koili za saizi inayotakiwa zipo stoo au zinaagizwa, na kama kuna wodi ya wagonjwa mahututi yenye kitanda. Kwa aliyepasukiwa, tiba iliyopo leo mara nyingi inaishinda ile bora itakayopatikana baada ya siku 10. Kuruka kwenda ng'ambo kunafaa zaidi kwa kivimbe kisichopasuka, chenye umbo gumu, na kwa familia yenye uwezo wa kurudi tena.

Gharama nazo zina siri yake. Klipu mara nyingi ni moja, wakati mwingine mbili. Koili huhesabiwa moja moja, na kivimbe kimoja kinaweza kumeza kadhaa. Omba makadirio yaliyoandika idadi ya koili, na uliza itakuwaje zikizidi. Peleka karatasi hiyo kwa watu wa bima kabla ya tarehe, upate kibali kwa maandishi. Kwa walio Kenya, kumbuka kwamba bima ya afya ya taifa, NHIF, ilibadilishwa na SHA mnamo Oktoba 2024, na ushauri wa jirani aliyetibiwa kabla ya hapo huenda haufanyi kazi tena.

Hatua ya 7: Hesabu miaka inayofuata

Hapa ndipo sisi tulipoanguka, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Koili zinaweza kujibana na kushuka chini baada ya muda, kama pamba kwenye mto wa zamani, na damu ikarudi kwenye shingo ya kivimbe. Kwa hiyo tiba ya waya haimaliziki siku ya kutoka wodini. Hufuata picha, mara nyingi ya kwanza baada ya miezi 6, nyingine mwaka mmoja au miwili baadaye, na zaidi kulingana na kitakachoonekana. Aliyebanwa kwa klipu naye hupigwa picha kuhakikisha, lakini kivimbe kikishaonekana kimefungwa chote, safari zake za kurudi kwa kawaida huwa chache.

Shangazi anaishi kijijini huko Ruvuma. Kufika Dar es Salaam ni siku nzima ya basi, nauli, mtu wa kumsindikiza, mahali pa kulala, na kipimo chenyewe. Miezi 6 ilipofika alikuwa anapalilia mahindi, kichwa hakiumi, na kila mmoja wetu aliona ni kupoteza hela kumpeleka mtu mzima mwenye afya akapigwe picha. Tulimleta baada ya miaka miwili, kwa sababu nyingine kabisa. Koili zilikuwa zimeshuka, shingo imefunguka. Alipitishiwa waya mara ya pili, na namshukuru Mungu hakikupasuka katikati ya shamba.

Kama usiku ule mtu angetuuliza, "Mama huyu anaishi wapi, na nani atamleta?" pengine tungechagua vingine, kama kivimbe chake kingeruhusu. Pengine tungechagua waya uleule lakini tukatenga nauli ya miezi 6 kabla ya kutoka hospitali. Vyovyote vile tungekuwa tumechagua kwa kujua. Umbali wa mgonjwa kutoka kwenye mashine ya picha ni habari ya kitabibu, na daktari asipoiuliza mwambie wewe.

Ni hivyohivyo kwa dawa. Stenti inataka vidonge kila siku bila kuruka. Kama mgonjwa yuko mahali ambapo klopidogreli huisha dukani kwa wiki mbili, sema hilo kabla stenti haijawekwa, maana kuacha dawa ghafla kunaweza kuziba stenti na kuleta kiharusi. Mwanamke anayetarajia mimba aseme pia, ili mpango wa dawa na wa picha za mionzi uangaliwe mapema.

Hatua ya 8: Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Mtu mmoja azungumze, mwingine aandike. Daktari hachukii kuulizwa kwa heshima. Anachokichoka ni ndugu sita kuuliza swali lilelile kwa zamu. Sema, "Shikamoo daktari, tunaomba dakika tano utueleze kwa Kiswahili," kisha:

Kimepasuka? Kina milimita ngapi, kiko wapi, na shingo yake ikoje?
Ungekuwa na uwezo wa kufanya njia zote mbili hapa, ungechagua ipi kwa huyu, na kwa nini?
Wewe na wenzako mmetibu wangapi wa aina hii mwaka uliopita?
Waya ukishindikana katikati, nini kinafuata, na daktari wa kufungua atakuwepo?
Baada ya hapa atarudi mara ngapi kupigwa picha, na kwa dawa gani?

Swali la pili lina sababu. Daktari wa upasuaji huamini kisu chake na wa waya huamini waya wake, si kwa ubaya, ndivyo walivyofundishwa. Pale ambapo wote wawili wapo, omba waitazame picha pamoja.

Na swali la nne lina mfano wake. Mwigizaji wa Uingereza Emilia Clarke alipasukiwa mwaka 2011 akiwa na miaka 24, akatibiwa kwa waya London. Kulikuwa na kivimbe kingine kidogo, kikaachwa kwa kuangaliwa. Mwaka 2013 picha ilionyesha kimekua mara mbili. Wakajaribu kukiziba kwa waya huko New York, jaribio likashindwa, akavuja damu nyingi, ikabidi fuvu lifunguliwe palepale. Alipona, na mwaka 2019 akayaandika mwenyewe. Ndani ya mtu mmoja mna njia zote tatu: kusubiri, waya na kisu. Alipona kwa sababu mlango wa pili ulikuwa wazi waya uliposhindikana.

Hatua ya 9: Mnapotoka wodini

Msiondoke bila picha zenyewe kwenye CD au kifaa cha kuhifadhia, pamoja na ripoti. Ripoti peke yake haimtoshi daktari wa hospitali nyingine. Ombeni pia karatasi au kadi yenye jina la klipu au koili na kampuni iliyoitengeneza. Klipu za titani na koili za platini kwa kawaida hukubalika kwenye MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, lakini baadhi ya klipu za chuma za zamani huvutwa na sumaku na zinaweza kuhama ndani ya kichwa; bila kadi hiyo mgonjwa anaweza kukataliwa kipimo anachokihitaji. Ya shangazi tumeifunga kwenye plastiki pamoja na kitambulisho chake cha taifa, na nakala iko kwenye simu ya kila mtoto wake.

Mwisho, tazameni ukoo. Kama ndugu wa damu wa karibu wawili au zaidi, mzazi, mtoto, kaka au dada, wamewahi kuwa na anyurizimu au kuvuja damu ubongoni, au kama kuna ugonjwa wa kurithi wa figo zenye malengelenge mengi, wengine waulize kuhusu kupimwa kwa picha ya mishipa. Kwetu ni shangazi peke yake, lakini baba mdogo ana presha. Sasa anaipima kila Jumamosi kwenye duka la dawa, na namba anazipeleka kwa daktari.